Makasha Ishirini na Matatu

Jumatatu, 2 Machi

Dokta Maimuna amenipa daftari hili asubuhi. Amesema kuanzia leo niandike kwa mkono, kila siku, kama bakapu imekwenda au haikwenda, kwa sababu mwaka jana mashine ilikuwa inaandika yenyewe kwamba kila kitu kiko sawa na hakikuwa sawa. Nimemwambia sawa.

Kwa atakayelishika baada yangu: mimi ni Severa, mtu wa kompyuta wa kituo hiki cha picha. Tuko ghorofa ya kwanza, mtaa mmoja nyuma ya barabara ya Msimbazi. Tunapiga eksirei, ultrasaundi na picha za matiti. Picha zote zinakaa kwenye seva, na bakapu ni nakala yake, ili seva ikifa picha zisife nayo.

Programu mpya ya bakapu inafanya kazi hivi. Inaigawa diski kubwa katika makasha. Kila kasha lina jina na namba. Makasha yamepangwa katika mafungu matatu. Kasha la Fungu la Siku linatunzwa siku kumi na nne, la Fungu la Wiki miezi mitatu, la Fungu la Mwezi miaka kumi. Muda wa kasha ukiisha, programu haimuulizi mtu. Ikihitaji nafasi, inaandika juu ya kilichokuwemo.

Fungu la Mwezi lina makasha thelathini na saba. Ndimo zilimo picha zote za mwaka 2019 hadi 2023. Niliziondoa kwenye seva mwezi wa kwanza ili tupate nafasi, kwa hiyo haziko mahali pengine. Nilipanga kuzinakili kwenye diski ya pili ikakae nyumbani kwa Dokta, Upanga. Nilipanga kufanya hivyo wiki ya kwanza ya Februari. Mume wangu alifariki tarehe nne Februari. Diski ya pili bado iko kwenye boksi lake, juu ya kabati.

Bakapu imekwenda.

Jumanne, 3 Machi

Imekwenda.

Jumatano, 4 Machi

Imekwenda. Mvua ya kwanza, dakika kumi hivi.

Ijumaa, 6 Machi

Haikwenda. Jana jioni Ismail alichomoa waya wa diski ya bakapu akachomeka birika la umeme, achemshe maji ya chai ya kufuturu. Ismail ndiye mpiga eksirei wetu. Ana miaka arobaini na saba na hajui kukaa kimya. Dokta amemwita ofisini, naye anafunga, hivyo sauti yake ilikuwa ndogo lakini mlango ulikuwa wazi.

"Ismail, kile chumba si jiko."

"Ni kweli Dokta. Nilidhani ule waya ni wa feni."

"Usiguse waya wowote mle ndani. Ikitokea tena hatutaelewana."

Akaja kwangu kuomba radhi. Nikamwambia hakuna neno. Hakuondoka.

"Dada Severa, leo umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Chakula."

Alisimama pale mlangoni kama anayesubiri risiti. Mwishowe Blandina wa mapokezi akamwita, kuna mgonjwa wa kifua. Ananichosha.

Jumamosi, 7 Machi

Imekwenda.

Jumatatu, 9 Machi

Imekwenda. Jana sikutoka ndani.

Alhamisi, 12 Machi

Imekwenda, lakini kwa shida. Fungu la Siku linajaa. Mashine mpya ya matiti inatoa picha nzito mara tano ya ile ya zamani.

Shemeji Godbless amepiga simu kutoka Marangu. Arobaini itakuwa Jumamosi. Nimemwambia nitaangalia.

Jumamosi, 14 Machi

Imekwenda. Nilikuja kazini kama kawaida. Blandina aliniangalia akafungua mdomo, akaufunga.

Jumatatu, 16 Machi

Bakapu imesimama tangu jana. Kwenye skrini imeandika kwamba inasubiri kasha, na hakuna kasha. Dokta amekuja mara tatu kuniuliza. Wagonjwa wa Jumatatu ni wengi na hataki picha za siku nzima zikae bila nakala.

Nikafungua faili la mipangilio. Nimefanya mambo mawili. La kwanza, nimeruhusu Fungu la Siku liazime kasha lolote lililokwisha muda, hata kama ni la fungu jingine. La pili, nimeandika upya siku za kutunza, kumi na nne, ili kuwa na hakika.

Godbless alipiga wakati ninaandika. Nilibana simu kwa bega. Alikuwa anauliza kwa nini sikwenda arobaini, mama alikaa mlangoni akinitazamia hadi watu wakala. Hakuwa anafoka. Nilikuwa namjibu ndiyo, ndiyo, huku vidole vinaandika. Alipokata, na mimi nikahifadhi faili.

Imekwenda. Imeazima kasha moja.

Jumanne, 17 Machi

Imekwenda. Imeazima kasha moja.

Jumatano, 18 Machi

Imekwenda. Imeazima kasha moja. Mvua.

Alhamisi, 19 Machi

Imekwenda. Dokta amefurahi. Amesema sasa hata akienda Idi atakula kwa amani.

Jumatatu, 23 Machi

Tulifunga kwa Idi. Nilikaa nyumbani Magomeni. Ismail alimtuma mke wake, akaniletea biriani katika bakuli la mfuniko wa bluu. Sikuwa nalijua jina lake nikaona aibu kuuliza. Bakuli nimeliosha.

Bakapu ilikwenda siku zote hizo peke yake. Imeazima makasha matatu.

Jumanne, 24 Machi

Imekwenda. Imeazima kasha moja.

Ijumaa, 27 Machi

Imekwenda. Moja.

Jumatatu, 30 Machi

Imekwenda. Moja. Maji yamejaa mtaani kuanzia kona ya wauza ndoo mpaka kwetu. Wabeba mizigo wanapita na marobota kichwani, maji magotini. Mmoja anavusha watu mgongoni. Dokta alivushwa, mkoba wake kifuani, akapanda ngazi akiwa mkavu, na hakuna aliyethubutu kucheka ila Ismail.

Alhamisi, 2 Aprili

Imekwenda. Moja.

Jumanne, 7 Aprili

Pasaka imepita. Sikwenda kanisani. Mama mkwe alipiga, sikupokea, kisha nikasahau kumpigia. Imekwenda. Kwa siku hizi za sikukuu imeazima mawili.

Ijumaa, 10 Aprili

Imekwenda. Moja.

Naandika kitu ambacho si cha kazi. Blandina aliniuliza kama usiku nalala. Nalala vizuri sana. Nalala kama mtu aliyezimwa swichi, asubuhi nawashwa. Sioti. Silii. Mume wangu alikuwa fundi wa majokofu pale soko la samaki, Feri. Alianguka kazini asubuhi, na saa nane mchana wakanipigia kwamba hayupo tena. Tulisafiri na mwili kwenda Marangu, tukazika, nikarudi. Watu wakiniuliza kuhusu mazishi nasema yalikwenda vizuri. Ukweli ni kwamba siyakumbuki. Nakumbuka tulipanda basi, nakumbuka nimesharudi Magomeni nafagia. Katikati hakuna kitu.

Jumatatu, 13 Aprili

Imekwenda. Moja.

Jumatano, 15 Aprili

Haikwenda, umeme ulikatika.

Jumamosi, 18 Aprili

Imekwenda. Moja. Mvua siku nzima.

Jumatano, 22 Aprili

Niandike yote, kwa mpangilio.

Saa tatu asubuhi alikuja mama mmoja, Tatu Abubakary, ana miaka hamsini hivi, anauza vitenge Mtaa wa Kongo. Alikuwa na barua ya daktari wa upasuaji. Ana uvimbe kwenye titi la kushoto, tulimpiga picha mara ya kwanza 2021, na wakati ule majibu yalisema hauna dalili mbaya, uangaliwe tu. Wiki iliyopita amepigwa tena hospitali nyingine. Daktari anataka picha ya 2021 aziweke mbili pamoja aone kama uvimbe umekua au uko vilevile. Kama uko vilevile atamwacha. Kama hajui, atamkata kinyama akipime.

"Basi mwanangu nitafutie hiyo picha," akasema, "maana mie kisu nakiogopa."

Nikamwambia akae kwenye benchi, ni dakika tano.

Nikaiomba programu iirudishe picha. Ikajibu kwamba kasha namba kumi na nane la Fungu la Mwezi liliandikwa upya tarehe 13 Aprili.

Nikaomba kasha namba moja. Limeandikwa upya. Namba mbili. Nikaenda hivyo hadi namba ishirini na tatu, pamoja na yale ya siku ambazo sikuandika humu. Kasha la ishirini na nne likafunguka na picha zake zikiwemo. Kisha nikafungua faili la mipangilio. Pale penye Fungu la Siku, siku za kutunza ni kumi na nne, kama zilivyokuwa tangu mwanzo. Pale penye Fungu la Mwezi, panapopaswa kuwa miaka kumi, nako ni siku kumi na nne. Mstari ule niliuandika mimi, Jumatatu ya tarehe 16, nimebana simu. Kwa wiki tano programu imekuwa inachukua kasha la zamani inafuta picha za watu, na mimi naandika humu kwamba imekwenda.

Diski ya pili iko juu ya kabati. Nailoni yake haijafunguliwa.

Nilitegemea kuhisi kitu. Nilikaa, nikasikia feni.

Nimerudisha miaka kumi kwenye faili na kuzuia kuazima, ili yale kumi na manne yaliyobaki yapone. Nikamwendea mama Tatu nikamwambia mashine ina hitilafu, arudi kesho. Kisha nikamwendea Dokta. Nilikuwa nimepanga maneno yote. Yaliyotoka ni haya:

"Dokta, makasha ya zamani hayasomeki. Ishirini na matatu."

Alivua miwani. "Picha za miaka ile?"

"Za 2019 hadi katikati ya 2022."

Akatazama mlango. "Ismail kachomoa tena."

Sikujibu.

"Nilimwambia," akasema Dokta. "Nilimwambia waziwazi."

Na bado sikujibu. Bakapu ya leo sijaiangalia.

Alhamisi, 23 Aprili

Ismail amesimamishwa kazi. Aliitwa saa nne, alitoka saa nne na robo. Alisema hajagusa waya tangu siku ile ya birika, na Dokta alisema hataki mabishano na mtu aliyeonywa. Alikusanya koti lake jeupe, msala na redio yake ndogo akavitia kwenye mfuko. Akapita dirishani kwangu.

"Dada Severa, kaa salama. Ule tu."

Mama Tatu alikaa kwenye benchi hadi saa saba. Nikamwambia kesho.

Ijumaa, 24 Aprili

Mama Tatu amekuja. Kesho.

Jumamosi, 25 Aprili

Mama Tatu amekuja, amekaa, adhuhuri akasimama mwenyewe. Akaniambia daktari hawezi kumngoja tena, Jumanne wanamkata. Hakuwa na hasira. Alinishukuru kwa usumbufu niliopata.

Jumatatu, 27 Aprili

Blandina hasemi nami. Asubuhi anajibu salamu tu. Saa sita nikamuuliza kuna nini.

"Hakuna kitu, da Severa."

"Kipo."

Akafunga kitabu cha miadi. "Kaka Ismail ana watoto wanne. Na mimi najua hakugusa ule waya, maana tangu siku ile maji ya chai anachemshia kwa mama ntilie wa chini. Wewe unamjua alivyo. Na kwa alivyokufanyia wewe, nilidhani utasema hata neno moja la kumtetea."

"Amenifanyia nini?"

Alinitazama kwa muda mrefu, akaona siigizi.

"Da Severa, kaka Ismail alikwenda na nyinyi Marangu. Kwenye msiba wa shemeji Elibariki. Ofisi ilitoa mtu mmoja wa kuwakilisha, akasema ataenda yeye. Alikaa siku tatu. Alibeba jeneza. Mimi ninazo picha za simu, nilitumiwa."

Akanionyesha. Ni kweli. Kijia chembamba katikati ya migomba, wanaume sita na jeneza, wa pili kulia ni Ismail, kofia ameiweka mfukoni, shati limelowa. Mimi niko nyuma yao hatua mbili. Nimetazama mbele, macho yako wazi. Sikumbuki kama alikuwepo. Sikumbuki kama mimi nilikuwepo.

Miezi miwili nimemwona mtu huyu kama kelele. Kila alipouliza kama nimekula nilidhani anatafuta maongezi.

Jumanne, 28 Aprili

Mto umefurika, Jangwani imefungwa, mwendokasi umesimama. Nilizunguka kwa miguu, saa mbili na nusu njiani, viatu mkononi. Nilipofika Dokta hakuwepo, maji yamemzuia Upanga. Leo ndiyo siku ya mama Tatu. Nilikaa na daftari hili mezani siku nzima.

Jumatano, 29 Aprili

Dokta aliingia saa tatu. Nilimfuata kabla hajakaa.

"Shikamoo Dokta."

"Marahaba. Vipi maji ya kwenu?"

"Dokta, si Ismail. Ni mimi."

Nikaweka daftari mbele yake, nimelifungua tarehe 16 Machi. Nikamweleza mstari ule, mkopo wa makasha, na diski iliyo juu ya kabati. Nilieleza kama ninavyoeleza kazi, bila kutetemeka, na nilijisikia vibaya kwa kutotetemeka.

Alisoma ukurasa ule mara mbili.

"Ulijua lini?"

"Jumatano iliyopita. Mama Tatu alipokuja."

"Kwa hiyo siku nilipomtaja Ismail ulikuwa unajua."

"Ndiyo."

"Umesimama hapohapo, unajua."

"Ndiyo, Dokta."

Dokta Maimuna si mtu wa kupandisha sauti. Alipangusa miwani kwa ncha ya mtandio, akaivaa, akaivua.

"Kosa la mashine ningelimeza," akasema. "Mtu akiwa na msiba mkono unateleza, na mimi ndiye niliyekurudisha kazini baada ya siku saba. Lakini siku saba nyingine hizi, Severa. Nimemtoa kazini mtu mzima mbele ya wagonjwa."

Akaniambia niache daftari, niende nyumbani. Haya nimeyaandika baadaye, niliporudishiwa.

Jumamosi, 2 Mei

Jana ilikuwa sikukuu. Leo Dokta amenirudishia daftari. Amelisoma lote, kuanzia ukurasa wa kwanza, nimejua kwa sababu aliniambia: "Sikujua kwamba hukwenda arobaini."

Kisha akanieleza alichoamua. Pasiwedi za seva amebadilisha. Mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi huu, hatauongeza. Hadi siku hiyo kazi yangu ni moja. Majibu ya maandishi hayakupotea, yapo kwenye mfumo mwingine, kwa hiyo tunajua ni nani walipigwa picha miaka ile na wanatakiwa kufuatiliwa bado. Ni watu mia tatu na kumi na sita. Nimpigie kila mmoja, nimwambie ukweli, nimwombe kama ana filamu au nakala nyumbani ailete tuipige upya tuihifadhi. Asiyekuwa nayo aje apigwe tena, ofisi itabeba.

"Niwaambie nini kilichotokea?"

"Waambie kilichotokea."

Ismail alikuwa ameshapigiwa na Dokta mwenyewe. Blandina anasema Dokta aliomba radhi kwa simu, mlango wazi, kila mtu kwenye benchi alisikia.

Jumatatu, 4 Mei

Ismail amerudi. Nilimsubiri juu ya ngazi.

"Kaka Ismail, nilijua si wewe, nikanyamaza. Naomba unisamehe."

Aliweka mfuko wake chini. Mara ya kwanza nimemwona akitafuta maneno.

"Nilikasirika sana," akasema. "Kukusikia ni wewe nikakasirika zaidi. Bado ninazo hasira kidogo, sitakudanganya. Zitaisha."

"Sawa."

"Lini, sijui. Lakini zitaisha."

Akaenda kuwasha mashine. Hakuniuliza kama nimekula.

Watu niliowapigia: kumi na tisa.

Jumanne, 5 Mei

Ishirini na mbili. Namba nne sasa ni za watu wengine. Mzee mmoja wa Mbagala alidhani mimi ni tapeli akakata.

Alhamisi, 7 Mei

Ishirini na tano. Najifunza kuanza na kosa kabla ya ombi. Nikianza na ombi wanadhani nawauzia kitu.

Ijumaa, 8 Mei

Dokta alikaa pembeni yangu, akaandika pasiwedi mwenyewe, nikanakili makasha yale kumi na manne yaliyobaki kwenye diski ya pili. Ilichukua saa tano. Fungu la Mwezi nimeliwekea amri kwamba lisiandikwe upya kamwe, hata muda ukiisha, mpaka watu wawili wakubali. Diski ameondoka nayo mwenyewe ndani ya mkoba.

Jumatatu, 11 Mei

Filamu zinaanza kuja. Zilikuwa chini ya magodoro, nyuma ya makabati, moja imezibiwa dirisha la choo. Leo kuna bwana mmoja, Samson, alivuka na pantoni kutoka Kigamboni, za mke wake amezifunga kwenye khanga mbili na mfuko wa sukari juu. Ismail alizipokea kwa mikono miwili, akazifuta moja moja, akazibandika kwenye taa na kuzipiga. Moja tu ilikuwa imeharibika kwa unyevu. Bwana Samson alitaka kujua kama ni kosa lake.

"Si lako," nikamwambia. "Ni langu."

Alhamisi, 14 Mei

Mama Tatu yuko kwenye orodha, namba mia moja na nne. Sikumpigia. Nilimfuata dukani, Mtaa wa Kongo, kabla wateja hawajajaa. Alikuwa amekaa, si kawaida yao kukaa asubuhi, na mkono wa kushoto ameuegemeza kwenye robota. Mdogo wake Swaumu ndiye aliyekuwa anapanda ngazi kuteremsha vitenge.

Nikamsalimia. Nikamwambia picha yake haikuwa na hitilafu. Niliifuta mimi, bila kujua, mwezi wa tatu, na siku alipokuja mara ya kwanza nilishajua kwamba haipo.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Majibu yametoka jana," akasema. "Si kansa."

"Nashukuru Mungu, mama."

"Ngoja. Yule daktari kaniambia uvimbe ule, angeuona wa zamani, asingenikata. Nimekatwa bure. Kidonda kimeingia usaha, siwezi kuinua mkono huu. Siku kumi na tano silali, natoa wasia kwa watoto. Mwanangu, la mashine silijui, mashine zinaharibika. Lakini nilikaa kwenye benchi lako siku nne. Nilikaa pale nikikuombea dua wewe, upate picha. Ungeniambia siku ya kwanza haipo, ningejua la kufanya. Ningekwenda hata kwingine kuuliza."

Swaumu alikuwa ameacha kupanga, ananitazama.

"Nilikuwa na msiba," nikasema, na palepale nikajuta, kwa sababu sikuja kusema hilo.

"Nani?"

"Mume wangu. Mwezi wa pili."

Mama Tatu alitazama barabarani. Mkokoteni ulikuwa umekwama, watu wanapigiana kelele.

"Pole," akasema. "Pole sana. Lakini hilo nalo ungeniambia."

Hakusema amenisamehe na mimi sikumuuliza. Nimempa namba yangu.

Jumatatu, 18 Mei

Tangu siku ile asubuhi napita kwa mama Tatu kabla ya kazi, nateremsha vitenge vya juu na kufungua zile mbao nzito za mlango. Swaumu anapika uji. Tunaongea kidogo sana.

Jumanne, 19 Mei

Mia moja themanini na sita hadi leo. Mvua zinapungua.

Alhamisi, 21 Mei

Nilimpigia mtu anaitwa Steven, wa Gerezani. Namba ilikuwa ya mkewe, Severine, aliyepigwa picha ya mapafu. Akasema mkewe alifariki mwaka jana. Nikampa pole, nikataka kukata. Akaniuliza, hiyo picha ilikuwa inaonyesha nini. Nikamsomea majibu ya maandishi, taratibu, yote, pamoja na maneno nisiyoyajua maana. Alipumua kwenye simu. Akaniomba nisome tena. Nikasoma tena. Akasema asante dada, siku ile daktari aliposoma nilikuwa nimesimama palepale lakini sikusikia kitu.

Nilikaa na simu mkononi baada ya hapo. Blandina aliniletea maji. Kumbe nilikuwa nalia, naye aliona kabla yangu.

Ijumaa, 22 Mei

Nimempigia mama mkwe. Hakuuliza arobaini. Aliuliza nitakwenda lini. Nikasema tarehe thelathini na moja, Jumapili, basi la alfajiri.

Jumatano, 27 Mei

Idi. Tumefunga. Safari hii nilikwenda nyumbani kwa Ismail mwenyewe, Msimbazi Bondeni, kurudisha bakuli. Mke wake anaitwa Maimuna, kama Dokta. Nimekula sahani mbili.

Ijumaa, 29 Mei

Mia tatu na kumi na sita. Nimemaliza. Filamu zilizorudi ni za watu mia moja na arobaini na mmoja. Watakaopigwa upya ni tisini na nane. Waliofariki ishirini na wawili. Waliobaki sikuwapata. Orodha yao nimeiacha kwa Blandina.

Jumamosi, 30 Mei

Siku yangu ya mwisho. Nimemkabidhi Dokta funguo. Atakayekuja baada yangu anaanza Jumatatu, anaitwa Aaron. Nimemwandikia kurasa nne kuhusu mafungu. Dokta alinipa mkono, akaushika muda mrefu kidogo kuliko kawaida, akasema barua ya kazi ataniandikia, na ataandika yote, mabaya na mazuri. Nikasema ndivyo ninavyotaka. Daftari akasema nilichukue, kurasa hizi si za ofisi tena.

Mchana nilimwomba Ismail tukale pamoja kwa mama ntilie wa chini. Wali, maharage, mchicha. Jua limetoka na barabara inatoa mvuke. Tulipokaribia kumaliza nikamuuliza.

"Kaka Ismail, ulikuwa Marangu."

"Nilikuwa."

"Mimi sina kitu. Siku tatu zote. Nikitafuta sipati. Niambie ilikuwaje."

Alisukuma sahani pembeni. Hakuanza na mazishi. Alianza na basi, lilivyoondoka saa kumi na mbili kasoro, na nilivyokataa kukaa mbele nikataka kukaa karibu na jeneza. Tulivyosimama Korogwe, nikashuka nikanunua machungwa nikawagawia watu wote, hata dereva. Tulivyofika na ukungu, mama mkwe akanipokea kwa jina langu la ubatizo, akanivisha sweta yake. Alivyosema mchungaji. Njia ilivyoteleza, wakakaribia kuanguka nalo pale penye mfereji, nami nikaweka mkono chini ya jeneza kushikilia pamoja nao. Nilivyomwaga udongo mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilisema haukutosha. Nilivyoongea na Elibariki pale, kwa Kichaga, maneno ambayo yeye Ismail hakuyaelewa, lakini wazee wote waliinamisha vichwa.

"Ulimzika vizuri," akasema. "Usidhani hukuwepo. Ulikuwepo kuliko sisi wote."

Mama ntilie alikuwa anakusanya sahani. Ismail alitazama saa, alikuwa na mgonjwa wa saa nane.

Nikamwomba aanze tena, tangu pale basi lilipoondoka.